Watu arobaini wanakuja kufyeka matete bwawani na ndege wametoweka. Niwape kazi gani?

Kerengende

Wakuu, habari za humu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana nina wiki tatu tu za kuamua.

Naratibu kikundi cha kujitolea kwenye bustani ya ardhioevu iliyo katikati ya mji. Si kubwa. Ina bwawa moja pana lililozungukwa na matete, na jingine dogo la kina kifupi ambalo upande mmoja hukauka kiangazi. Katikati inapita njia ya mbao ambako watu hutembea jioni. Maji yanaingia kwa mtaro mmoja unaoteremka kutoka mitaani, yanatokea kwenye bomba upande wa chini. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana saa moja asubuhi. Tulianza watu sita. Sasa wanafika arobaini, wengine na watoto wao, na hilo najivunia kwa moyo wote.

Mwaka jana tuliamua kusafisha ukingo wa mashariki. Tulifyeka matete yote kuanzia njia ya mbao hadi kwenye bomba, tukavuta magogo mawili yaliyokuwa yamelala nusu majini, tukakwangua majani yaliyooza mpaka udongo ukaonekana. Jumamosi mbili kazi ikaisha. Ukikaa kwenye benchi ulikuwa unaona maji mpaka ng'ambo. Watu walishangilia, picha zikapigwa, wasimamizi wa bustani wakatushukuru.

Msimu wa ndege kutaga ulipofika ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Ukingo ule ulikuwa makazi ya kukuziwa, wale weusi wenye mdomo mwekundu ambao ncha yake ni kama imechovywa kwenye rangi ya njano. Msimu wa nyuma yake niliona viota vitano kwa macho yangu. Kimoja kilikuwa hatua nne tu kutoka kwenye njia ya mbao: bakuli la majani ya matete limefumwa juu ya mabua yaliyolala, na mvua ikinyesha maji yakipanda, mama anang'oa majani mengine na kuinua kiota juu ya maji, anayashindilia kwa mdomo, anakaa, anainuka, anashindilia tena. Makinda wakatoka weusi tii, utosi una kiupara chekundu. Nilikuwa naenda kuwatazama kabla ya kazi kila siku.

Msimu huu hakuna hata kiota kimoja. Jozi moja ilijaribu kufuma kwenye mabaki ya matete chini ya njia ya mbao. Siku ya tatu nikamkuta kunguru amesimama juu ya kiota. Kilikuwa wazi kabisa, hakuna jani la kukificha.

Sasa kamati yetu inataka tufanye vilevile ukingo wa magharibi, kwa sababu majirani wanalalamikia mbu na nyoka, na kwa sababu picha za kabla na baada zinavutia wafadhili. Nataka kukataa. Lakini nikikataa, watu arobaini watakuja kufanya nini? Nikiwarudisha nyumbani Jumamosi mbili mfululizo, ya tatu watabaki walewale sita. Nimeshaona vikundi vikifa hivyo.

Nitajieni kazi ambazo zitawachosha mikono kweli, zitawafaa viumbe, na nikisimama mbele ya kamati nitaweza kuzitetea.

Buti Majini

Dada Kerengende, pole sana. Nimetunza matete kwa miaka kumi na moja, mchana kutwa majini na buti za kiunoni, na ukingo kama huo wenu nilishaufyeka na mimi mwaka wangu wa kwanza. Ulichukua misimu mitatu kurudi, kwa hiyo usikate tamaa, matete yana mizizi migumu.

Kamati yako haijakosea kusema matete yafyekwe. Matete yakiachwa miaka mingi bila kuguswa, majani makavu yanarundikana chini, tope linapanda mwaka hadi mwaka, vichaka vinaingia, mwishowe bwawa linageuka nchi kavu. Kosa liko kwenye "yote" na "kwa mara moja". Ugawe ukingo wa magharibi vipande vinne au vitano. Mwaka huu fyekeni kimoja, mwakani kingine kisichopakana nacho. Hivyo kila msimu kutakuwa na matete machanga, ya umri wa kati na makongwe, na kila kiumbe atajichagulia. Wala msifyeke kwa mstari ulionyooka. Ingieni ndani kama ghuba, tokeni, ingieni tena. Ndege wa majini wanapenda mpaka wa matete na maji, na ukingo uliopindapinda una mpaka mrefu kuliko ulionyooka.

Kazi hiyo iwe nje ya msimu wa kutaga, bila mjadala. Mkishafyeka, mabua msiyaache yaozee majini, kwa sababu yamebeba naitrojeni na fosforasi yote yaliyofyonza, na yakiozea humo inarudi humohumo. Yarundikeni ukingoni siku moja au mbili kwanza ili konokono, vyura wadogo na wadudu waliomo watambae warudi majini, halafu ndiyo yabebwe. Kubeba huko peke yake kunataka watu ishirini, na watalala usingizi mzito usiku huo.

Kuna jambo lingine ambalo hata wasimamizi wengi hawalijui. Kama mnayo ile mimea mirefu ya majini yenye kichwa cha kahawia kama mshumaa mnene, angalieni mnaikata wapi. Bua lake lina mirija ya hewa ndani. Hata likikauka bado linapitisha hewa kutoka juu hadi kwenye mzizi ulio topeni, na kwenye tope hilo hakuna oksijeni. Ukikata juu ya maji, mzizi unaendelea kupumua na mmea unachipua. Ukikata chini ya maji, maji yanajaa kwenye mirija, mzizi unakosa hewa na kufa. Mimi huwa nachukua bua moja nalikata mbele ya watu wote kabla ya kuanza, nawaonyesha vile vyumba vya hewa kwa ndani, vyeupe kama sega la nyuki. Mtu akishaviona hahitaji kusimamiwa tena.

Na magogo yale mawili, kama bado yapo, yarudisheni.

Jirani wa Bwawa

Nimesoma, na nitasema ukweli wangu bila matusi. Naishi nyuma ya bustani ya aina hiyo. Ninyi mnakuja Jumamosi asubuhi, mnapiga picha za ndege, mnaondoka. Sisi usiku tunafunga madirisha na joto lote lile kwa sababu ya mbu. Mwaka jana mwanangu alilazwa siku tano kwa homa ya dengi. Mama yangu alikutana na nyoka kwenye njia. Nikisikia mtu anaumia roho kwa sababu ya viota vitano nauliza, na sisi je? Mimi ningekuwa kwenye kamati hiyo ningefyeka yote.

Kerengende

Ndugu Jirani, pole sana kwa mtoto. Naomba usiondoke kwenye uzi huu. Majirani zetu wanasema maneno hayohayo, na sitaki kuwajibu kwa kuwaambia wapende ndege. Kama ni kweli matete yanazalisha mbu wanaowaumiza watoto, nitashika panga mwenyewe. Kuna anayejua namna ya kupima, badala ya kubishana?

Darubini Kuukuu

Mwanangu Kerengende, na wewe Jirani, nimewasoma wote wawili. Kupima kunawezekana, na vifaa viko jikoni kwenu.

Chukueni upawa mweupe wenye mkono mrefu, au chombo chochote cheupe mlichokifunga kwenye fimbo. Nendeni ukingoni mwa matete. Choteni mara kumi, kila mara hatua chache kutoka pale mlipochota mwanzo. Choteni polepole, msitie kivuli juu ya maji, kwa sababu viluwiluwi vya mbu vikiona kivuli vinazama. Hesabuni vilivyomo kwenye kila upawa na muandike. Halafu nendeni nje ya uzio mkachote mara kumi kwenye matairi, makopo, mifereji ya paa iliyoziba, sahani za maua. Linganisheni kurasa mbili hizo.

Sitakudanganya, Jirani, kwamba bwawa halina mbu. Maji machafu yaliyotuama, yaliyotengwa na bwawa kwa uchafu ulioziba, yanazalisha mbu wengi sana. Lakini mbu aina ya Aedes, yule anayeeneza dengi, hupenda vyombo vidogo: tairi, ndoo, kopo. Maji ya bwawa lililo hai yana samaki wadogo, yana mende wa majini, yana watoto wa kerengende. Hawa wa mwisho ungewaona kwa karibu ungeshangaa. Mtoto wa kerengende anaishi majini miezi, pengine zaidi ya mwaka, rangi ya tope, kimya kabisa. Chini ya uso wake amekunja mdomo kama mkono, kiluwiluwi kikipita unafyatuka na kukirudisha, hata jicho lako halikuwahi kuona. Siku ya kutoka anapanda bua la tete usiku au alfajiri, ngozi inapasuka mgongoni, anachomoka na mabawa yaliyokunjamana. Hapo mabua yakiwa yamefyekwa hana pa kupandia. Kwa hiyo kuna ukingo ambao ukiusafisha unaondoa mla mbu, na mbu anabaki na tairi lake.

Na pale utakapokuta kweli dimbwi la bwawani lina viluwiluwi vingi, ipo dawa ya bakteria iitwayo Bti, iliyogunduliwa 1976, ambayo huua viluwiluwi vya mbu na jamaa zao wa karibu na kuwaacha samaki na vyura. Hiyo waiweke wataalamu wa afya, si watu wa Jumamosi. Kuhusu nyoka, fyekeni nyasi pande zote mbili za njia kwa upana wa hatua moja au mbili, zibaki fupi mwaka mzima. Mama aone anapokanyaga. Hilo halimdhuru ndege yeyote.

Sasa kazi ya watu wako, mwanangu. Mimi nahesabu ndege wa majini tangu nina nywele nyeusi. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini inafanyika kila Januari tangu 1967, na sehemu kubwa yake inabebwa na watu wa kujitolea wenye darubini na daftari. Chagua vituo sita kuzunguka bwawa, vipige kigingi. Watu wawili kila kituo, mmoja anatazama mwingine anaandika, dakika kumi, saa ileile kila mwezi. Wasipoona kitu waandike sifuri, wasiache tupu. Ungekuwa na daftari la mwaka juzi leo ungekwenda kwa kamati na kurasa mkononi, usingetegemea wakuamini ulivyoona viota vitano.

Watoto wape sahani ya Secchi. Angelo Secchi alikuwa padri na mwanaastronomia wa Italia, na mwaka 1865 alikuwa anashusha sahani baharini kupima uangavu wa maji. Kwa bwawa, kata duara la bati au plastiki lenye upana wa sentimita 20, ligawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, litie uzito, lifunge kamba yenye alama kila sentimita 10. Mtoto analishusha kutoka kwenye njia ya mbao, anaita namba pale linapopotea machoni. Ya kwangu nimeitumia miaka mingi, rangi nimepaka upya mara mbili.

Maji Tulivu

Naongeza kwa yale ambayo wakuu hawajayagusa. Dada, umesema maji yanaingia kwa mtaro mmoja. Hapo ndipo penye Jumamosi zako zote za mwaka. Taka mnazookota ukingoni hazikuzaliwa pale, zimeteremka. Panda na watu wako kando ya huo mtaro hadi zinapoanzia. Mtakuta mahali paliposongamana, mtakuta bomba la mtu linamwaga maji ya sabuni. Andikeni, chukueni picha, wapelekeni wanaohusika na mitaro. Pale maji yanapoingia bustanini ombeni waweke chekeche la vyuma au wavu wa kukamata taka, ninyi mkabidhiwe kazi ya kulikwangua. Msiingie mtaroni wakati wa mvua wala mawingu yakiwa mazito upande wa juu, hata kama hapo mlipo ni jua. Maji yanafika kabla ya sauti yake.

Mikate nayo. Wageni wanawatupia bata mikate, isiyoliwa inazama na kuoza, inalisha mwani. Joto likiwa kali, maji yakipungua hewa na vitu vikiwa vinaoza, bakteria wa botulizimu kwenye tope hutoa sumu inayowapooza ndege. Bata anashindwa kuinua shingo, anazama akiwa hai. Mzoga wake unatoa funza, funza wamebeba sumu, bata mwingine anawala, inaendelea hivyo. Kwa hiyo mkiona ndege wawili watatu wamekufa karibu karibu, toeni taarifa siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo wa eneo, na mizoga iondolewe na watu waliopewa glavu na maelekezo. Watu wawili wa kuzunguka bwawa kila jioni ya kiangazi ni kazi kubwa kuliko panga.

Halafu buti. Watu wakitoka bwawa jingine kuja kwenu, buti na nyavu zisafishwe tope na zikaushwe kabisa kabla ya kuingia majini. Kuna kuvu wa ngozi ya vyura aliyeangamiza vyura mabara kadhaa, na anasafiri kwenye unyevu. Akikauka anakufa.

Kerengende

Nimeandika kila kitu kwenye daftari jipya. Maji Tulivu, umenifungulia jambo ambalo sikuwa nimelitaja. Kuna mtu mwenye nia njema kabisa anataka kutuchangia sherehe, na katika sherehe hiyo watoto wamwage majini samaki wala mbu mia mbili na kobe wadogo thelathini wenye alama nyekundu kando ya jicho. Watoto wameshaambiwa na wamefurahi sana. Kamati imekubali. Nilidhani hilo halina madhara.

Maji Tulivu

Lizuie, dada. Nakuomba kabisa.

Samaki wanaouzwa kama wala mbu mara nyingi ni Gambusia, asili yake Amerika Kaskazini. Kobe mwenye alama nyekundu kando ya jicho anatoka hukohuko. Wote wawili wamo kwenye orodha ya viumbe wageni 100 walioleta madhara makubwa duniani iliyoandaliwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile. Wamo pia gugumaji na yule kuvu wa vyura. Gambusia anakula viluwiluwi vya mbu, ndiyo, lakini anakula na mayai ya vyura na watoto wa kerengende, yaani anawamaliza wale waliokuwa wanakula mbu kabla yake, na anazaa makinda hai, hahitaji hata mahali pa kutagia. Kobe yule unayemwona kama sarafu leo anafikia karibu sentimita 30, anaishi miongo, na anawanyang'anya kobe wa asili magogo ya kuota jua. Ukishamwaga huwezi kuokota tena.

Watoto usiwavunje moyo. Wabadilishie sherehe. Tarehe 2 Februari ni Siku ya Ardhioevu Duniani, inakumbuka mkataba uliotiwa saini mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Waambie siku hiyo watashusha sahani ya Secchi na kupanda matete ukingo wa mashariki kwa mikono yao. Vipandikizi vichimbeni humohumo bustanini, pale mtakapofyeka kipande cha kwanza.

Kwa kamati, kama inapenda picha na sifa, ipe hili: mkataba huohuo una utaratibu wa kuitambua miji inayotunza ardhioevu yake. Miji 18 ya kwanza ilitambuliwa 2018, na ushiriki wa wananchi ni sehemu ya vigezo. Na ipe mfano wa London Wetland Centre. Pale palikuwa na matangi makubwa ya maji, kuta za zege. Yakavunjwa, yakageuzwa kuwa madimbwi na matete, pakafunguliwa mwaka 2000, na miaka miwili baadaye pakatambuliwa kisheria kuwa eneo muhimu kwa sababu ya bata wanaofika pale. Wageni hawasimami ukingoni. Wanaingia kwenye vibanda vya mbao vyenye vidirisha vyembamba, wanatazama bila kuonekana. Kibanda kimoja cha hivyo watu wako arobaini wanakijenga kwa Jumamosi chache.

Jirani wa Bwawa

Jumamosi hii nitachota huo upawa huku kwangu. Nitaleta majibu hapa, yawe yanavyokuwa.

Kerengende (wiki sita baadaye)

Wakuu, narudi na majibu.

Kikao cha kamati kilikuwa kigumu na kirefu. Sikwenda na hotuba. Nilikwenda na bua moja la ule mmea wa mshumaa, nikalipasua juu ya meza, nikalizungusha kila mtu alishike. Halafu nikawaomba waahirishe uamuzi kwa Jumamosi moja tu, ili tuchote maji. Wakakubali. Mwenyekiti mwenyewe alishika upawa.

Ukingo wa magharibi, pawa kumi: viluwiluwi vya mbu viwili, na kwenye upawa wa saba mtoto wa kerengende, rangi ya tope kama alivyosema Mzee Darubini. Watoto walimtia kwenye kikombe cheupe na mmoja akamwekea kiluwiluwi kimoja. Kilikuwepo, kisha hakikuwepo. Walipiga kelele mpaka watu wa njia ya mbao wakaja. Tukamrudisha pale tulipomtoa. Kisha tukatoka nje ya uzio na majirani wawili waliokuwa wanalalamika zaidi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na matairi manne na ndoo za rangi zisizo na vifuniko. Upawa wa kwanza kwenye tairi hatukuweza kuhesabu, maji yalikuwa yanacheza yenyewe. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mama mmoja aliinamisha tairi, akamwaga, akaenda kwenye la pili.

Lakini sitaficha: kwenye pembe ya bwawa dogo, pale maji yalipotengwa na rundo la chupa na majani, tulikuta viluwiluwi vingi pia. Majirani hawakuwa wanasema uongo. Tulivunja rundo lile siku hiyohiyo, maji yakaungana na bwawa, na nimeweka mtu wa kulikagua kila wiki.

Samaki na kobe vimezuiwa. Mfadhili alisikitika, kisha akauliza sahani ya Secchi ni bei gani, nikamwambia tunaitengeneza wenyewe, akaomba atununulie darubini. Tumepata tatu. Mtaro tumeupanda hadi juu, kiasi cha watu kumi na tano, na ombi la chekeche limepelekwa. Bado hatujajibiwa na nalifuatilia kila Jumatatu.

Magharibi tutafyeka robo tu, baada ya msimu. Sahani ilipotea sentimita 35 kwenye njia ya mbao, na hiyo ndiyo namba ya kwanza ya daftari letu. Kukuziwa bado wamo ukingo wa magharibi, nimewasikia alfajiri. Mashariki bado ni sifuri, nimeiandika. Watu waliofika Jumamosi iliyopita ni thelathini na saba.

Gogo la kwanza tumelirudisha. Lilitaka watu tisa na kamba mbili, na kabla hatujamaliza kunawa mikono mdiria alikuwa ameshatua juu yake. La pili ni refu na lina matawi bado. Buti Majini, tuliweke vipi, matawi yaelekee wapi?

Jirani wa Bwawa

Na mimi kwangu: bwawani pawa kumi, kiluwiluwi kimoja. Kwenye mfereji wa paa langu mwenyewe, wamejaa. Nimeuzibua, na Jumapili tunapita nyumba kwa nyumba upande wetu wa mtaa. Nyasi za njia bado naomba zifyekwe, mama anapita pale.

Buti Majini

Dada, shina liwe nchi kavu, matawi majini. Samaki wadogo watajificha kwenye matawi, na kobe wa asili watapanda kwa kufuata shina mpaka penye jua. Pigilieni vigingi viwili kila upande wa shina ili mafuriko yasilibebe, na lilazeni upande ule usio na benchi.